Barua ya Wazi kwa Wenye Nyumba za Kupanga wa Lowell: Barafu ya Ngazini na Majeraha Yasiyoisha

Lowell, Massachusetts
Oktoba

Kwa: Wamiliki na wasimamizi wa nyumba za kupanga wanaozungumza Kiswahili, Lowell na miji jirani

KUH: BARAFU KWENYE NGAZI ZA NJE

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu, ninyi na familia zenu.

Tunaandika hadharani kwa sababu mlango wa faragha tumeubisha vya kutosha. Mmepigiwa simu, mmeandikiwa kwenye WhatsApp, na wazee wa jamii wameombwa waseme nanyi baada ya ibada. Majibu yamekuwa mawili: "nitatuma mtu" na "vaeni viatu vizuri." Majira ya baridi yaliisha, mtu hakutumwa. Sasa tuko Oktoba na baridi nyingine iko njiani.

Tunatumia Kiswahili kwa kuwa tunasema na watu wetu. Wengi wenu mlifika hapa mkiwa wapangaji, mkafanya zamu mbili kwa siku mpaka mkanunua nyumba ya mbao ya ghorofa tatu, na leo mnawapangisha wenzenu waliofika juzi kutoka Kenya, Uganda na Congo. Hilo tunaliheshimu. Hatuwaoni kama maadui. Ila ngazi ya nje ni sehemu ya nyumba mnayoitoza kodi, na hali yake inatuletea watu waliovunjika. Sisi ni wauguzi wasaidizi, watunzaji wa wazee majumbani, wahudumu wa tibamaungo na mafundi wa majengo. Tunajua jeraha linaanzaje, na tunajua linafika wapi.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mnahesabu siku ya kuanguka, hamhesabu miaka inayofuata.

Anayeteleza akishuka ngazi haanguki kama aliyeteleza kwenye tambarare. Kisigino kinatua kwenye ukingo wa kidato, mguu unachomoka mbele, na mwili unarudi nyuma juu ya kona za vidato. Hapo yanapigwa makalio, kiuno, kiwiko na kisogo. Au mguu mmoja unanasa huku mwili ukizunguka, na kifundo kinavunjika. Au mkono unatangulia chini na kuvunjika karibu na kiganja. Au mtu anawahi reli kwa mkono mmoja, uzito wote unaning'inia begani, na kano za bega zinachanika.

Tuanze na kifundo cha mguu, kwa sababu ndicho kinachodharauliwa zaidi. Watu husema "ni mguu tu, utapona." Mfupa ukiunganishwa kwa bamba la chuma na skrubu, mgonjwa kwa kawaida hukatazwa kuukanyagia mguu huo kwa takriban wiki 6. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea hadi mwaka mzima. Aliyeumia mguu wa kulia huhitaji takriban wiki 9 baada ya upasuaji kabla ya kuweza kukanyaga breki kwa kasi ya kawaida, na katika mji huu asiye na gari hafiki zamu ya saa moja asubuhi.

Lakini jeraha lenyewe liko ndani. Kiungo cha kifundo kimejengwa kama fundi seremala anavyochomeka ulimi wa ubao kwenye tundu lake: mfupa wa chini umekaa katikati ya mifupa miwili ya mguu, na unabeba mwili mzima kwenye eneo dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1976 ulionyesha kwamba mfupa huo ukisogea pembeni kwa milimita 1 tu, eneo la mgusano hupungua kwa asilimia 42. Uzito ni ule ule, lakini sehemu inayoupokea imebaki zaidi kidogo ya nusu. Gegedu linasagika kidogo kidogo. Ndiyo maana yabisi ya kifundo cha mguu, tofauti na ile ya goti au nyonga, mara nyingi mzizi wake ni jeraha la zamani. Mtu aliyeanguka akiwa na miaka 35, akaondolewa plasta na kuambiwa amepona, anaweza kufika miaka 50 akiwa anashuka kitandani kwa kushikilia ukuta. Tiba iliyobaki hapo ni kugandisha kiungo kisikunjike tena au kuwekewa kiungo bandia.

Kifundo cha mkono nacho kikiunga vibaya, nguvu ya kushika hupungua na kiganja hakigeuki juu kikamilifu. Mshipa wa fahamu unaopita hapo unaweza kubanwa, vidole vikafa ganzi usiku. Wengine hupata ugonjwa ambao sisi wa tibamaungo tunauogopa kuliko mfupa wenyewe: maumivu ya kuunguza yasiyolingana na jeraha, mkono unavimba, unabadilika rangi, unakuwa wa moto au wa baridi kuliko mwenzake, na hata shuka likigusa mtu analia. Usipotambuliwa mapema unaweza kudumu miaka.

Aliyekalia kidato kwa kishindo anaweza kuumia kifandugu, ule mfupa mdogo wa mwisho wa uti wa mgongo. Hakiwekwi plasta. Mtu hukalia mto uliokatwa nafasi nyuma, kwa miezi, na kila anaponyanyuka kitini anasikia kisu.

Kichwa kina hatari ya namna yake. Wengi waliopata mtikisiko wa ubongo hupata nafuu ndani ya wiki au miezi michache, ila wapo wanaobaki na kichwa kuuma, kizunguzungu, usingizi mbaya na kusahau. Kwa mzee, na kwa yeyote anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, damu inaweza kuvilia polepole chini ya fuvu na dalili zikatokea wiki kadhaa baadaye: mguu unaburuzika, maneno yanapotea, usingizi unazidi. Familia inadhani ni uzee. Hakuna anayekumbuka ile asubuhi ya kuteleza. Tafadhali, mpangaji wa umri huo akigonga kichwa kwenye ngazi yenu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo hata kama anacheka na kusema hajambo.

Na nyonga. Kila mwaka wazazi wetu huja kutoka nyumbani kulea wajukuu, watu ambao hawajawahi kukanyaga barafu maishani, mara nyingi bila bima ya afya ya maana. Mzee akivunjika nyonga, hata akipasuliwa vizuri, kati ya wazee 100 wa namna yake 20 hadi 30 hufariki ndani ya mwaka mmoja. Wengi wa wanaobaki hawarudi kutembea kama zamani. Mama aliyekuja kwa miezi sita kumbeba mjukuu anarudishwa kwa kiti cha magurudumu.

2. Mwili ndio jembe letu.

Wapangaji wenu wengi wanafanya kazi kwenye nyumba za wazee na majumbani mwa wagonjwa. Kazi hiyo ni kugeuza mtu kitandani, kumnyanyua hadi kwenye kiti, kuzungusha miguu yako huku umebeba uzito wa mwingine. Kifundo kilichofungwa skrubu na mkono usioshika havifanyi kazi hiyo. Mwajiri anaweza kumpa mtu kazi nyepesi kwa muda, lakini si lazima iwepo milele. Na kumbukeni kwamba aliyeanguka kwenye ngazi ya nyumba anayolala halipwi na bima ya ajali za kazini. Siku ile ile mshahara unakatika: kodi yenu inachelewa, karo ya mtoto aliye Kisumu au Nakuru inachelewa, na deni la hospitali linaanza kuhesabu.

3. Barafu ina saa zake, na ni saa za zamu.

Hili ndilo linalotuuma zaidi kwa sababu dawa yake ni rahisi. Zamu za nyumba za wazee hubadilika saa moja asubuhi, saa tisa mchana na saa tano usiku. Desemba hapa Lowell jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni na linachomoza karibu na saa moja asubuhi. Mchana theluji inayeyuka; jua likizama maji hayo yanaganda juu ya vidato, utando mwembamba unaofanana na mbao iliyolowa tu. Anayetoka saa kumi na moja alfajiri na anayerudi karibu na saa sita usiku wanaukanyaga gizani. Mtu wenu wa kuondoa theluji anafika saa tatu asubuhi, wakati waliokuwa hatarini wameshapita.

Chumvi ya jana haihesabiki. Ikishayeyusha theluji ya mchana inakuwa maji ya chumvi hafifu, na maji hayo huganda tena baridi ikizidi. Ngazi inahitaji kuangaliwa jioni baada ya jua kuzama, kisha alfajiri kabla ya saa kumi na moja. Dakika kumi kila mara.

4. Maji ndiyo chanzo. Theluji ni nusu tu ya kesi.

Mafundi wetu wamekagua ngazi nyingi kwa macho tu, wakipita. Barafu mbaya zaidi haitoki mawinguni moja kwa moja. Inatoka kwenye mfereji wa paa uliojaa majani, maji yakafurika na kudondokea kidato cha pili na cha tatu. Inatoka kwenye bomba la kushushia maji linaloishia mguuni pa ngazi. Inatoka kwenye kidato kilichopinda katikati na kugeuka bakuli. Kanuni za ujenzi zinataka ngazi ya nje ijengwe maji yasituame juu yake, na mteremko wa kidato usizidi 1 kwa 48, yaani kiasi cha kuondoa maji bila kuusukuma mguu.

Safisheni mifereji majani yakiisha kuanguka, kabla ya theluji ya kwanza. Ongezeni kipande cha bomba kitoe maji mita 2 mbali na njia ya kupita. Kazi hizi mbili, kwa maoni yetu, zitazuia kuanguka kwingi kuliko chumvi ya majira mazima. Tunashangaa kwamba ndizo zinazoachwa kwanza.

5. Chumvi inatumiwa vibaya.

Chumvi ya kawaida ya mawe hufanya kazi vizuri mpaka takriban nyuzi 15 za Fahrenheit, yaani 9 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Chini ya hapo mnamwaga changarawe. Usiku wa baridi kali tumieni kalsiamu kloraidi, ambayo huendelea kuyeyusha mpaka karibu nyuzi 29 chini ya sifuri, au nyunyizeni mchanga mkavu ili mguu upate mshiko. Mchanga hauyeyushi kitu, lakini unashika kwenye baridi yoyote.

Kwanza theluji iondolewe yote kwa koleo, kuanzia kidato cha juu kwenda chini. Kumwaga chumvi juu ya theluji nene ni kuitengenezea uji ambao usiku utakuwa jiwe. Theluji ikiachwa ikakanyagwa, inashindiliwa katikati ya kidato, ukingo unapotea, na kila kidato kinageuka mteremko mdogo wa kwenda chini. Kikombe kimoja kikubwa cha kahawa kilichojaa chumvi kinatosha miraba 10 ya saruji ya njia ya miguu. Anayemwaga ndoo nzima anaharibu saruji bila kuongeza usalama. Na dhoruba ikitabiriwa ya theluji kavu isiyotanguliwa na mvua, nyunyizeni mapema maji ya chumvi, takriban gramu 300 kwa kila lita ya maji, ili barafu isishikane na kidato. Ikishashikana, kazi ni mara tatu.

6. Reli na vidato.

Reli inayotikisika ni mbaya kuliko kutokuwa na reli, maana mtu anaiamini. Iwe na urefu wa inchi 34 hadi 38 kutoka ukingo wa kidato, ukubwa wa kukumbatiwa na vidole (inchi 1¼ hadi 2 kama ni ya duara), na nafasi ya inchi 1½ kutoka ukutani ili mkono wenye glavu upite. Vidato visitofautiane kwa kimo zaidi ya inchi 3/8. Mguu unazoea kimo cha kwanza, na gizani hauulizi tena. Ngazi za mbao za nyuma zilizopakwa rangi laini zibandikwe mikanda ya msasa, au rangi ichanganywe mchanga. Taa iwake yenyewe mtu anaposogea.

Tunajua mtakayosema.

Mtasema theluji inashushwa na Mungu. Zamani mahakama za Massachusetts zilitofautisha barafu iliyojikusanya yenyewe na ile iliyosababishwa na mwenye nyumba, na wengi waliponea hapo. Julai 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo iliiondoa tofauti hiyo. Sasa mwenye nyumba anawajibika kuchukua hatua za kawaida za uangalifu, barafu iwe ya mbinguni au ya bomba.

Mtasema mkataba unamtaka mpangaji asafishe. Kanuni za afya za jimbo kuhusu nyumba za kuishi zinamtaka mwenye nyumba aweke ngazi za nje na njia za kutokea bila theluji wala barafu. Mpangaji anaweza kubebeshwa kazi hiyo pale tu ambapo njia ni yake peke yake, haishirikiwi, na mkataba wa maandishi umesema hivyo. Ngazi inayotumiwa na familia tatu si ya mpangaji wa chini.

Mtasema chumvi inaharibu saruji na kutia kutu misumari. Kweli, hasa saruji mpya. Ndiyo maana tumeandika mchanga, kipimo cha kikombe, na kuzuia maji yasifike. Kwa saruji changa ipo kalsiamu magnesiamu asetati, isiyokula chuma kama chumvi, ingawa inaishiwa nguvu karibu nyuzi 7 chini ya sifuri.

Kuhusu viatu: vyenye meno ya kung'ata barafu vinasaidia, na tunawahimiza wapangaji wavinunue. Havibadilishi wajibu wenu.

Kuna jambo moja zaidi, na tunalisema bila kuzunguka. Baadhi yenu, mtu akianguka, humwomba asiseme, asubiri, "tutaelewana kama ndugu." Sheria ya jimbo inamtaka aliyeumia kwa barafu kwenye eneo la mtu binafsi atoe taarifa ya maandishi ya wakati, mahali na sababu ndani ya siku 30. Kumsubirisha ni kumnyima haki wakati mifupa yake ingali ndani ya plasta. Bima ya nyumba mnayolipia kila mwaka ipo kwa ajili ya siku hiyo. Mwacheni aandike.

Tunachoomba ni hiki, kabla ya tarehe 15 Novemba:

a) Mifereji ya paa isafishwe na mabomba yaelekezwe mbali na ngazi na njia.
b) Reli zote zikazwe, vidato vilivyopinda vibadilishwe, mikanda ya msasa ibandikwe.
c) Taa ya ngazi za mbele na za nyuma ifanye kazi.
d) Kila jengo liwe na pipa lenye chumvi, mchanga, kikombe na koleo la plastiki mlangoni, lijazwe na mwenye nyumba.
e) Karatasi ibandikwe ukutani yenye jina na simu ya mtu anayesafisha, na saa zake: jioni baada ya jua kuzama, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri.
f) Mpangaji akianguka, mwenye nyumba apige picha ya ngazi, aandike siku na saa, na ampe mpangaji nakala pamoja na jina la kampuni yake ya bima.

Mafundi walio kati yetu wako tayari kuja kuwaonyesha kazi ya (a) na (b) bila malipo, Jumamosi yoyote ya mwezi huu au wa kesho. Kuanzia tarehe 16 Novemba tutapita kwa wapangaji nyumba kwa nyumba. Palipo na ngazi ambayo haijaguswa, tutamsaidia mpangaji kuandika barua kwa idara ya afya ya mji aombe ukaguzi, na nakala tutawaletea ninyi wenyewe mkononi.

Wenu katika ujirani,

Wauguzi wasaidizi, watunzaji wa wazee, wahudumu wa tibamaungo na mafundi wa majengo,
Waswahili wa Lowell